Kinini ya Shingo ya Kondoo

Kwetu zamani bibi hakuitaka bwana yake jina. Hata kama nyumba inaungua, angesema "weye ule!" ao "mwenye nyumba!", lakini jina, hapana. Jina ya bwana ilikuwa mu kinywa ya mama yake, ya bandugu yake, ya padri na ya muntu wa kodi. Bibi, yeye, alikuwa na mulio.

Banyinyi batoto ya leo hamuijui tena, sababu muko na telefone, muntu anasimama mu choo anaita bwana yake iko Goma. Siye mu Masisi tulikuwa tunakaa ku kilima moya, tunalima ku ingine, na katikati kuko bonde na kamuto kake. Muntu akishuka na kupanda kwa kusema tu "chakula iko tayari", ile chakula itapoa, na yeye mwenyewe atafika na njaa. Basi kila mwanamuke alikuwa na mulio yake. Anasimama mbele ya nyumba, anaweka mikono ku mudomo, anatupa sauti juu ya bonde. Kule mu mashamba banaume bote banainua kichwa, lakini moya tu njo anaweka jembe ku bega. Na kuitikia mulio ya bibi ya mwengine, yooo! Ilikuwa haya mukubwa. Bangekuchekelea mpaka ku kaburi.

Bibi yangu Libérata alikuwa na mulio kupita bote. Sisemi vile sababu alikuwa bibi yangu. Uliza kama kuko wazee wamebakia. Alikuwa mutoto wa pori, wa Itebero, kule Walikale, na bantu ya pori banajua kutupa sauti, sababu kule miti inakula sauti. Kama hauite muzuri unapotea.

Miye nilimusikia mbele ya kumuona. Tulikuwa tumeshuka na baba yangu, tumebeba maharagi, tuibadilishe na mawese. Tukapoteza njia. Baba akakaa juu ya muti ya kuanguka, akasema:

"Nzabandora, mwana wangu, leo tutalala na banyani."

Njo hapo mulio ikatoka ndani ya pori. Haikuwa kilio, haikuwa wimbo. Ilipanda kama moshi asubuyi, kama hakuna upepo, kisha ikapinda kidogo ku mwisho. Tukaifuata. Tukakuta musichana na kitunga yake ku mugongo, anaita shangazi yake. Akatuangalia, mukono ku kiuno.

"Banyamasisi, munatafuta njia ao munatafuta bibi?"

Baba yangu akaniangalia miye, akamuangalia yeye. Akasema: "Tulikuwa tunatafuta njia."

Njo ginsi nilioa. Mbuzi zilikwenda, pombe ya kasiksi ikakunywewa, mambo ya ndoa munaijua. Akapanda na miye huku ku baridi, na kila muchana nilikuwa nalima maharagi lakini masikio yangu iko ngambo.

Sasa uvimbe. Mu kipindi ile bazungu bado bako, vita yabo ya kule Ulaya iliisha kuwa ya zamani, uhuru haijafika. Uvimbe ya shingo ilikuwa kitu ya kawaida ku milima yetu. Bamama wazee bengi walikuwa nayo, inaninginia kama kibuyu, na batoto banacheza nayo wakibebwa. Hakuna muntu aliogopa. Ya Libérata, yeye, ilikuwa ndogo, lakini nguvu kama jiwe, na ilikuwa inakomaa mbio. Masera mumoya, mutawa wa misioni, akaigusa. Kisha akasema: "Papa, mupeleke ku hospitali kubwa. Usingoje mavuno."

Tukashuka Sake, tukapanda kamio, lori ya mizigo, tukavuka ziwa. Kule munganga muzungu akamupasua. Nikakaa inje, ku kibarza, na banawake wa bengine banapika, mpaka munganga akatoka, akaniita, iko na muntu wa kutafsiri.

"Ilikuwa kanseri," akasema.

Neno ile nilikuwa naisikia mara ya kwanza. Nikauliza inaitwaka nini mu Swahili. Yule wa kutafsiri akasema: "Haina jina, Papa. Njo hiyo hiyo."

Munganga akanielezea: mu shingo ya muntu kuko kitu kidogo, iko kama kipepeo, njo inachochea moto ya mwili. Ile ya Libérata ilikuwa imeoza, njo wameitosha yote, hawakuacha hata kipande. "Sasa hana kitu ya kuchochea moto. Kinini hii, hii dawa ya kumeza, njo itafanya ile kazi. Kila asubuyi. Mpaka kufa." Akanipa chupa. Nikauliza: "Na sauti?" Sababu tangu kisu Libérata alikuwa anasema kama muntu mwenye mchanga mu koo. Munganga akafungua mikono: "Tutaona. Mbele anywe dawa."

Tukarudia. Akanywa. Na mulio ikarudia! Ilikuwa na kakwaruzo, kama mulango haijatiwa mafuta, lakini ilikuwa yake, na ile ya kupinda ku mwisho ilikuwa bado. Siku ya kwanza niliisikia nikaweka jembe ku bega mbio, mpaka jirani yangu Isidore akapiga kelele: "Kaka, unakimbia njaa ao unakimbia bibi?"

"Vyote!"

Chupa ikakwisha. Libérata akashuka Sake na banawake wa soko, kutafuta ingine ku disipanseri. Akarudia nayo. Na kisha hapo, pole pole, bibi yangu akaanza kunitoka, na bado tunalala nyumba moya.

Alianza kunona. Munajua kwetu mwanamuke akinona, inje bantu banafurahi. Ni heshima ya bwana. Mama yangu Adelaïde akapiga magoti mu kanisa. "Nzabandora, unaona? Tumbo! Bikira Maria amenisikia!" Hatukuwa na mutoto bado, na ile ilikuwa inamusumbua mama kupita miye. Bamama wa kilima wakaleta buyi ya mutama, wakaleta maharagi na sombe, kula mwana wetu, kula kwa bawili. Libérata alikuwa anakula kidogo tu, kama ndege, lakini alikuwa anaongezeka. Uso ikajaa, macho ikakuwa midogo, miguu ikajaa. Isidore akanishika bega: "Eh, kaka, kule ku hospitali banalishaka bantu nini? Niambie, nipeleke wangu, iko mwembamba kama ufagio."

Nilicheka. Lakini mwezi ikapita, ingine ikapita, mutoto hakuna. Na miye niliona mambo hawakuona. Jua iko juu ya kichwa, Libérata iko ku moto na bulangeti, anatetemeka. Nywele inabakia ku muto wa kulalia. Nyushi zake zikaisha. Unamuuliza neno asubuyi, anakujibu wakati umeisha kusahau uliuliza nini. Na sauti ikashuka, ikashuka, ikakuwa munene na ya kuchoka, kama ya muzee mwanaume.

Mulio ikakatika. Siku moya nilingoja mpaka ndege zikaenda kulala. Hakuna. Nikashuka, nikapanda, nikamukuta amekaa fasi nilimuacha asubuyi.

"Hauniite leo?"

Akafikiri murefu. "Nilisahau," akasema.

Hakusahau. Nilijua hakusahau. Tangu siku ile nilikuwa narudia bila kuitwa, kama mbuzi ya mayatima. Na mubaya kupita, banaume bengine bote walikuwa bado banaitwa. Unasikia ya huyu, unasikia ya ule, bonde imejaa milio, na yako haimo. Nilikuwa natamani ile sauti kama muntu wa njaa anatamani chumvi. Chakula iko, bibi iko, lakini haina chumvi.

Dawa, nilisema mu roho yangu, dawa ile imeshindwa. Njo vile nilifikiri, mpaka wakati ya kupanda. Nikatia mukono mu chungu ya mbegu ya maharagi, nikagusa kitu. Chupa. Imejaa mpaka juu, hakuna hata kinini moya imetoka.

Nikaiweka mbele yake. Hatukupigana. Nilikaa tu chini, ku moto, nikasema: "Libérata. Unataka kufa uniache?"

Machozi ikaanza kushuka, pole pole nayo.

"Sikutaka kufa. Nilitaka kuchunga sauti yangu."

"Ginsi gani?"

"Kule Sake, infirmier Gustave, ule wa disipanseri, alinipa chupa. Nikamuuliza, munganga, hii dawa iko muti gani? Akafurahi ginsi nimeuliza. Akasema: hapana muti, Mama! Bazungu banakamata shingo ya kondoo, banakausha, banasaga, njo inakuwa kinini. Shingo ya kondoo!" Akafunika kinywa yake. "Kwetu mwanamuke hakulaka kondoo. Unajua. Kondoo banaikata, hailie. Mwanamuke akiikula, sauti yake inamufata kondoo, inakwenda kwa kunyamaza, hairudie. Shangazi Drocella alinifunga ile mwiko wakati nilikuwa kasichana. Na miye nilikuwa nimeisha kunywa chupa muzima! Nikasema, kama nitaacha sasa, pengine ile kidogo imebakia itabakia. Sababu..." Akaniangalia na yale macho yake midogo. "Sababu nitakuitaka na nini?"

Oh, batoto yangu. Alikuwa anakataa dawa kwa kuchunga sauti, na kukosa dawa njo ilikuwa inamukula sauti. Gustave hakukosa, alisema kweli. Libérata naye hakukosa. Nikamuambia yote munganga alisema, ya moto, ya kichocheo. Akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Weye ni bwana. Unanitaka. Muntu mwenye kutaka anasemaka yote."

"Padri je? Padri aseme?"

"Padri alinibatiza. Hakunifunga mwiko. Mwenye alifunga njo anafungua."

Basi nikafunga maharagi kidogo ya njia, nikatia chupa mu mufuko, nikamuacha ku mama yangu, nikashuka pori. Ile njia ya Walikale munaisikiaka tu. Baridi inabakia nyuma, joto inakupokea, matope inakula miguu. Nilitembea nikilala kwa bantu, nikisema sala. Kila mwanamuke aliita mu pori, nilisimama. Nilikuwa na bibi hai ku nyumba na nilikuwa nasikiliza miti kama mujane.

Drocella nilimukuta ku Itebero mbele ya nyumba yake, anavuta kiko. Alikuwa mujane wa muwindaji, mukristo wa kila siku ya Mungu, na mikufu ya zamani ya bwana yake bado ku ukuta pembeni ya musalaba. Akaniangalia toka miguu mpaka kichwa.

"Munyamasisi! Ulipeleka mutoto wetu, sasa unakuya kumurudisha?"

"Nimekuya kumuomba mara ya pili, Mama Mukwe."

Nikamuelezea. Akanyosha mukono, nikamupa chupa. Akatosha kinini moya, akainusa.

"Kweli inanuka nyama."

"Njo hivyo."

"Nikimutumia neno, utamuambia: shangazi amesema kula. Atasema bwana amejitungia. Na miye ningesema vile vile." Akapiga kiko yake ku jiwe, majivu ikamwangika. "Mutoto wangu hataamini kinywa yako. Ataamini koo yangu. Tafuta kamio."

Kamio ya kwenda Mubi, ku mine kule banachimba madini, ikapita, ikatuchukua juu ya mifuko mpaka Walikale. Alikaa juu kule kama malkia, anatukana shofere kila fasi ya shimo. Kisha hapo tukapanda na miguu, na alikuwa muzee, nikamubeba fasi ya mito. "Usiniangushe," alikuwa anasema ku sikio yangu. "Nikianguka, weye utakunywa kinini yako na maharagi."

Tulipofika ku kilima yetu na Libérata akatoka mu mulango, Drocella akasimama. Alikuwa anakumbuka kasichana na kitunga. Lakini akafunga uso.

"Njo hivi? Njo hivi unanona bila kunialika?"

"Shangazi," Libérata akasema na ile sauti ya chini.

Drocella hakumukumbatia. Akaita bamama wote wa karibu, wakakuya, na mama yangu Adelaïde mbele yabo. Akasimama katikati, akasema: "Miye njo nilimufunga huyu mutoto kondoo. Nilifungwa na shangazi yangu, yeye na wake. Maisha yangu yote sijaigusa. Angalieni." Akaweka kinini mu kinywa. Hakumeza na maji. Akaitafuna, na meno yenye ilibakia, anatuangalia moya moya. Uso yake ilikunjana. "Mubaya," akasema. "Bazungu hawajue kupika."

Bamama wakacheka, lakini kidogo, banangoja.

Kisha akaenda ku pembe ya kilima. Akaweka mikono ku mudomo. Na ule muzee, mwenye nilibeba ku mugongo kama mufuko, akatosha mulio. Weeee! Ilikuwa ile ile! Ya Libérata! Ile ya kupanda kama moshi, na ku mwisho kupinda. Kumbe njo yeye alimufundisha. Ngambo ya bonde mbwa zikabweka. Miye nikageuka nikaangalia ukuta, sababu sikutaka bamama wanione.

Drocella akarudia, anahema. "Sauti yangu imefuata kondoo? Imenyamaza? Kesho asubuyi nitaita tena, na musipoamka ni makosa yenu." Akakamata kinini ya pili, akaiweka mu mukono ya Libérata, akafunga vidole vyake. "Niliyekufunga, nakufungua. Kama kuko kitu ya kulipa, iko ku koo yangu. Kula."

Akakula.

Drocella alibakia kwetu mpaka maharagi ikatoa maua, na kila asubuyi aliita bonde nzima, na kila asubuyi Isidore alikuwa anamutukana toka ngambo, naye anamurudishia. Kisha nikamusindikiza mpaka ku kamio. Alikufa mwaka ya uhuru, sauti muzima.

Na Libérata? Moto ikarudia kidogo kidogo. Siku moya nilimuona anajipangusa jasho, nikafurahi kama nimepata ngombe. Bulangeti ikabakia ku kitanda. Nyushi zikaota. Kikwembe yake ya kujifunga ikaanza kulegea, mama yangu akahuzunika, anasema tunamukondesha mutoto. Akaanza tena kugombana na miye, mbio mbio, neno juu ya neno, mpaka nikasema asante Mungu, amerudia.

Mulio tu. Hakuijaribu. Nilikuwa namusikia ginsi anasema mu nyumba: sauti ilibakia chini. Ilipata nguvu, ilipata mbio, lakini haikupanda tena. Kisu iliacha alama kule. Chakula ikiwa tayari, alikuwa anasimama ku pembe ya kilima na kupepea kikwembe ya muekundu. Miye nilikuwa nalima na jicho moya. Ilitosha. Nilijiambia inatosha.

Mpaka ile siku ya ukungu. Ya Masisi munaijua, inashuka kama muntu amefunika chungu. Hauone jembe yako. Na mvua ilikuwa inanguruma nyuma. Nikabakia mu shamba, nasema kikwembe haionekane, ningoje kidogo.

Hapo sauti ikatoka ngambo. Munene, ya chini, kama ngoma ya kanisa. Ooooo. Ikanyamaza. Ooooo.

Isidore, mu shamba ya pembeni, akacheka mu ukungu: "Hiyo ni bibi ya nani? Ao ni ngombe ya chefu imepotea?"

Na miye nikainama nikalima. Sikuijua. Mungu ni shahidi, nilikuwa nangoja ile ya moshi, ile ya kupinda, tangu miaka, masikio yangu haikuwa na fasi ya ingine. Mulio ya bibi ya mwengine, nikasema. Nyamaza.

Ikaita tena. Hakuna muntu akaitikia. Ikaita tena. Ukungu yote ilinyamaza, banaume bote ku kilima banasikiliza, kila moya anangoja mwengine. Kisha ile sauti ikakasirika:

"Nzabandoraaaa!"

Jina. Jina yangu, jina ile mama yangu alinipa, mu kinywa ya bibi yangu, juu ya bonde muzima, mbele ya bantu bote!

"Nzabandora weye! Mvua inakuya! Umekufa kule?"

Isidore hakucheka tena. Akasema pole pole: "Kaka, bibi yako ametaja jina yako."

"Nimeisikia."

"Utafanya nini?"

"Naenda kula."

Jembe niliiacha kule kule. Nilishuka nikianguka, nikapita kamuto na nguo, nikapanda. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba, mikono imefunika uso, mama yangu ku mulango anamuangalia kama ameua muntu.

"Nimekutaja," akasema.

"Taja tena."

"Weye hapana haya?"

"Libérata. Taja tena."

Akataja. Chini chini, karibu, na ile sauti ya ngoma. Na kisha siku ile njo iliniita kila muchana, na Isidore alituchekelea mpaka ku kaburi, ginsi nilisema. Baba yenu Floribert alizaliwa ndani ya ile sauti, hakujua ingine. Kinini alikunywa kila asubuyi mpaka kufa, ginsi munganga alisema. Na alikufa muzee, ya kondoo haikumuua.

Bantu banafikiri natamani ile mulio ya kwanza, ya musichana wa pori. Ile ilikuwa muzuri, lakini Drocella alikuwa nayo, na shangazi ya Drocella, pengine kuko kasichana ku Itebero iko nayo hata leo. Ile ya pili ilikuwa ya muntu moya tu. Njo hiyo.

Kwa hiyo ukungu ikishuka, musiniite kuingia. Niacheni kidogo hapa ku mulango. Sasa jina yangu iko mu kinywa ya padri tu. Lakini kama ikitoka tena kule ngambo, munene, ya chini, sitainama kulima. Nitaitikia mara ya kwanza.